Wanasema Antena Yetu Inafukuza Mvua

Septemba 21

Redio imekoroma siku nzima kama mtu mwenye kifua. Nimeipiga kofi mara mbili. Mara ya pili Mwalimu alishtuka kitandani, nikaona aibu nikaizima.

Nimeamua kuandika. Nilipokuwa karani wa pamba kule Bunda nilizoea kuandika kila jioni, na leo nimetoa daftari lililobaki tangu wakati ule, nikachana kurasa za mbele. Naandika kwa sababu nina hasira na sina wa kumwambia. Mume wangu, Mwalimu Wanzagi, hawezi kunijibu. Kiharusi kilimpiga mwezi wa tano. Upande wa kulia umekufa, na maneno yote yalimtoka likabaki moja tu: "Bado." Umeshiba? Bado. Unaumwa? Bado. Siku moja nilimuuliza kama ananijua mimi ni nani. Akasema bado, akaanza kulia.

Hasira yangu ya kwanza ni juu yake yeye mwenyewe. Nilipogeuza godoro baada ya kutoka hospitali nilikuta vidonge vya presha vya miezi minne, hajameza hata kimoja. Mwalimu wa hisabati! Kila asubuhi alikuwa ananiambia, "Nimeshakunywa, mama."

Septemba 24

Kliniki, Musoma. Dada wa mazoezi ya viungo amesema asikie watu wakizungumza muda mwingi, hasa mambo aliyokuwa anayapenda. "Alipenda nini?" Nikasema mpira. Alikuwa refa wa wilaya miaka kumi na saba, hata harusini alikuwa anakwenda na filimbi mfukoni. Dada akasema, basi mwekee mpira wa redioni. Nikamweleza kwamba nyumba yetu iko bondeni, na upande wote wa Musoma umezibwa na mlima wa mawe, sauti inafika imechanikachanika. Simu nayo hapa inashika mtandao ukipanda juu ya jiwe.

"Si utafute antena ya nje tu, mama?" Alisema kama mtu anayekuagiza chumvi.

Septemba 27

Nimefunga waya kwenye antena ya redio nikaupeleka juu ya bati. Imekuwa mbaya zaidi. Nimeshuka kwenye ngazi na mchubuko wa goti.

Septemba 30

Nimekwenda Nyasho kwa fundi Paschal, yule anayetengeneza redio na TV. Ghati alibaki na Mwalimu. Ghati ni jirani yangu, tunatenganishwa na ua wa manyara tu. Miaka ishirini na mbili tumekopeshana moto, chumvi na machozi. Tangu Mwalimu augue, ndiye anayekuja asubuhi na jioni tumgeuze. Mwalimu ni mzito, mimi peke yangu siwezi. Ghati anamshika miguu, mimi mabega, anahesabu, "Moja, mbili," tunamgeuza asije akapata vidonda.

Paschal alinicheka kuhusu bati. "Bati linameza mawimbi, mama. Unataka kitu kisimame mbali nalo, na kiwe juu kuliko yale mawe, au angalau kiyachungulie." Akanikatia mabomba mawili mepesi ya alumini, kila moja sentimita sabini na tano, akayafunga kwenye ubao yatazamane kushoto na kulia, akaunga waya mweupe wa antena za TV: ule wa kati bomba hili, wavu wa nje bomba lile. "Usimamishe kwenye mti mrefu, ubavu wake uelekee Musoma. Na ukisikia radi, chomoa waya, utupe nje ya dirisha. Usibishane na radi."

Oktoba 2

Tumeusimamisha. Mti ni mkaratusi wa mita saba. Aliyenisaidia ni Kwangu, mdogo wake Mwalimu. Sikutegemea. Huyu shemeji namjua kwa mambo mawili, pombe na kulala, lakini leo alichimba shimo hadi kifuani bila kupumzika. Aliuzungusha mti polepole huku mimi nipo dirishani nasikiliza. "Hapo?" "Bado." "Hapo?" "Rudisha kidogo." Ghafla mtu akazungumza chumbani kwetu, sauti safi, kama amekaa kwenye stuli. Nilipiga kelele.

Saa kumi kulikuwa na mechi ya ligi. Mwalimu tulimwegemeza na mito. Alisikiliza amefumba macho. Kipindi cha pili mtangazaji alipiga kelele za goli, watu wakashangilia, na Mwalimu akafumbua macho akasema:

"Ofsaidi."

Kwangu akaniangalia. Mtangazaji akasema mshika kibendera ameinua kibendera, goli limekataliwa. Mwalimu akarudia kwa nguvu, mate yakimtoka: "Ofsaidi!"

Nilikwenda jikoni nikalia nikiwa nimeshika sufuria.

Oktoba 5

Amesema "maji." Akapewa maji.

Oktoba 9

Mvua hakuna. Mwaka jana tarehe kama hii mahindi yalikuwa yameshachomoza.

Oktoba 13

Jumapili. Paroko ametangaza novena ya kuomba mvua. Joto kali. Mwalimu amesema "refa" na "mjinga", sijui kama alikusudia ziwe pamoja.

Oktoba 17

Mawingu yalitoka ziwani saa nane, meusi kabisa. Watu walitoka mashambani wakasimama kuyatazama. Yakafika juu ya zahanati yakageuka, yakaenda upande wa Suguti. Jioni redio ikasema Suguti imenyesha.

Oktoba 18

Kisimani niliwaambia wenzangu habari za Suguti. Nilidhani nawapa matumaini.

Oktoba 21

Redio imesema Bunda imenyesha siku mbili mfululizo, wanapanda pamba. Nimemwambia Ghati, kwa sababu kwao ni Bunda. Hakufurahi. Akaniuliza, "Na sisi je? Redio yako haisemi kuhusu sisi?"

Nikamwambia redio haileti mvua.

"Hailetagi," akasema. Akaishia hapo, akatazama juu, kwenye yale mabomba.

Oktoba 24

Kisimani walinyamaza nilipofika. Wanawake sita, wote ghafla wanatazama ndoo zao. Kuna kicheko cha mtu anayejua unachosemwa, nacho nilikisikia nyuma yangu nilipoondoka.

Oktoba 26

Jumuiya ya Jumamosi ilikuwa isalie kwangu. Nilifagia, nikachemsha uji wa watu kumi na tano, nikatandika mkeka. Hakuja mtu. Baadaye nikasikia wanaimba kwa Ghati, ng'ambo ya manyara. Wamebadilisha mahali bila kunijulisha. Uji nimewapa kuku. Kuku wamenenepa kwa sala ambazo hazikusaliwa.

Kwangu ndiye aliyenieleza. Alikuja amelewa kidogo ndiyo maana aliweza kusema. "Shemeji, wanasema ule mti una pembe. Wanasema wingu likifika hapa linaona pembe, linageuka."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimeuchimbia shimo. Nitasemaje?"

Oktoba 28

Waya umekatwa kwa panga, pale unapoingia dirishani. Mkato mmoja safi. Tulikuwa ndani, mchana kweupe, Mwalimu anasikiliza kipindi cha michezo. Sauti ilikatika katikati ya neno. Nilitoka nje nikakuta kisigino cha mtu kinapotelea kwenye mihogo.

Nimeunganisha kama Paschal alivyonionyesha, nikafunga na utepe mweusi. Laiti ningemkamata!

Oktoba 29

Ghati hakuja asubuhi. Alikuja jioni, akamshika Mwalimu miguu, tukamgeuza. Hakuhesabu. Nilimwambia habari ya waya. Akasema, "Pole," kwa namna ambayo unampa mtu pole ya mafua.

Oktoba 30

Hakuja.

Oktoba 31

Hakuja. Mwalimu amesema neno jipya, "Ghati?" Amemtafuta kwa macho mlangoni. Miezi mitano hajaweza kutaja jina langu, na leo ametaja la huyo. Nimemjibu vibaya. Nimemwambia Ghati amekufa. Halafu nikamwomba radhi, akanitazama tu.

Novemba 3

Mkutano wa kitongoji. Nitauandika wote maana nataka siku moja mtu ausome.

Aliyeuitisha ni Keraryo, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni tarehe ishirini na saba, naye anagombea tena. Huyu mtu amemaliza kidato cha nne. Alifundishwa na mume wangu. Amekaa nyumbani kwetu mwaka mzima wa darasa la saba, akila ugali wangu, akifundishwa sehemu na desimali bure.

Alisimama na karatasi. "Ndugu wananchi, hapa hatumtuhumu mtu. Tunazungumzia usalama. Kuna mlingoti umesimamishwa bila kibali."

Nikauliza, kibali cha nani? Kuna nyumba gani hapa yenye kibali cha mti?

"Mama Prosper, naomba nimalize. Mlingoti wa chuma ni hatari kwa radi. Pili, wananchi wana malalamiko yao, na mimi kama kiongozi siwezi kuyapuuza."

"Malalamiko gani? Yataje."

Akatazama karatasi. Hakuyataja. Mzee mmoja nyuma akayataja kwa sauti: "Anafunga mvua!" Watu wakaunguruma. Nikasema, kila nyumba ya Nyasho ina antena juu, Musoma nzima ina antena, Buhare kuna mnara wa simu unaogusa mawingu, na kote huko mvua imenyesha. Kama antena inafunga mvua, mbona mji haujawa jangwa?

Nilidhani nimewaweza. Kisha Ghati akasimama.

Alikuwa amevaa kitenge cha jumuiya. Hakunitazama. "Mimi sisomi vitabu," akasema. "Nasema nilichokiona. Tarehe kumi na saba wingu limetoka ziwani, limekuja, limefika zahanati, mimi nipo shambani na mbegu mkononi. Likaona ile kitu ya Mama Prosper likageuka. Nimeona kwa macho yangu haya. Nina watu saba wa kulisha. Simchukii. Tumekaaga vizuri miaka yote. Lakini nimeona."

Akakaa. Alikuwa analia. Nilitamani kumpiga.

Nilipotoka nilimfuata Keraryo hadi kwenye pikipiki yake. Nikamwuliza, "Wewe mwenyewe unaamini haya?"

Akacheka kidogo, akashusha sauti kama tunakula njama. "Mama, mimi? Hapana. Lakini unajua watu wetu. Shusha tu mpaka uchaguzi upite, halafu utausimamisha tena, nani atauliza?"

Nimetembea hadi nyumbani na maneno hayo. Ghati anaamini. Ni mjinga, lakini anaamini, na njaa anayoiogopa ni ya kweli. Huyu haamini chochote. Anajua ni uongo, anajua mwalimu wake amelala kitandani anajifunza upya kusema maji, na bado ameandika karatasi. Leo nimegundua kwamba kuna watu wawili wa kuwakasirikia na hasira zenyewe hazifanani. Ile ya Ghati inaniuma tumboni. Ya Keraryo naihisi kwenye meno.

Sikuushusha.

Novemba 5

Jua.

Novemba 6

Jua. Mwalimu: "Mama." Halafu, baada ya muda mrefu sana, "Mama Prosper." Nimemfanya aseme mara sita. Mwanetu Prosper alipopiga simu kutoka Geita nilipanda na simu juu ya jiwe kumwambia, nikalia hadi salio likaisha.

Novemba 8

Mgongoni mwa Mwalimu pameanza kuwa pekundu. Namgeuza peke yangu kwa kumvuta na shuka. Kwangu anakuja akikumbuka.

Novemba 11

Ameanguka.

Nilikuwa namtoa kitandani kumweka kwenye kiti, apate hewa uani. Joto la saa saba. Nilimkumbatia kifuani, nikamwinua, tukapiga hatua mbili, mguu wake ukajikunja. Tulianguka wote, mimi chini, yeye juu. Mkono wangu wa kushoto ulibanwa chini ya mwili wake. Alikuwa anahema usoni kwangu, macho yamemtoka, anasema "bado, bado, bado." Yale maneno yote aliyoyapata yalikimbia kwa mara moja.

Nikapiga kelele. "Ghati! Ghati, njoo! Mwalimu ameanguka!"

Tulikuwa karibu na mlango wa uani, ulikuwa wazi. Kutoka pale chini niliona ua wa manyara, na katikati ya matawi niliona kilemba cha njano. Kilikuwa kimesimama. Niliita tena kwa jina. Kilemba hakikusogea mbele wala nyuma. Nilihesabu pumzi za Mwalimu, nilifika mia mbili na zaidi, na kile kilemba kilikuwa pale. Kisha kikaondoka.

Kwangu alitukuta baadaye, sijui baada ya muda gani. Alikuwa hajalewa. Alimwinua kaka yake kama mtoto, akamlaza, akamfuta mchanga mdomoni kwa shati lake. Huyu ndiye niliyekuwa namwita mzigo wa ukoo.

Mkono umevimba lakini vidole vinasogea.

Novemba 12

Nimeushusha. Kwangu hakutaka. "Shemeji, ukiushusha umekubali." Nikamwambia, nikiuacha nitamuua kaka yako, maana siwezi kumwinua peke yangu na hakuna atakayekuja. Tuliulaza nyuma ya jiko. Watu walisimama barabarani wakitazama. Hakuna aliyeshangilia, na hilo nalo liliniudhi. Walikuwa na nyuso za watu wazuri.

Redio imerudi kukoroma. Mwalimu amegeuza uso ukutani.

Novemba 14

Mvua imenyesha.

Nimekaa saa nzima na kalamu mkononi. Imenyesha! Saa tisa na nusu wingu lilikuja kutoka ziwani, njia ileile, likapita zahanati, likafika hapa na likafunguka juu ya vichwa vyetu kama limekatwa kwa kisu. Mvua ya mawe kwanza, kisha ya maji, mpaka jioni. Vigelegele kila upande. Watoto uchi barabarani. Wanawake walicheza kwenye matope, na kila mmoja, Mungu ni shahidi, kila mmoja aliyepita alitazama mahali ule mti ulipokuwa.

Ingengoja wiki. Ingengoja hata siku nne! Taarifa ya hali ya hewa ilisema katikati ya Novemba, niliisikia kwa masikio yangu tukiwa bado na antena, niliisikia nikasahau kumwambia mtu. Sasa hata nikiapa juu ya altare hakuna atakayenisikiliza.

Na nitaandika hili pia kwa kuwa nilijiahidi kuandika ukweli: matone ya kwanza yalipogonga bati, kwa nukta moja na mimi niliamini. Nilisema moyoni, kumbe kweli. Nukta moja tu. Kwa nukta hiyo nimejichukia zaidi ya nilivyomchukia mtu yeyote.

Novemba 15

Ghati alikuja. Amelowa, miguu matope hadi magotini, ametoka kupanda. Ana sahani ya furu wa kukaanga amefunika na jani la mgomba. Uso unang'aa. Alisimama mlangoni akasema, "Asante, Mama Prosper. Umetuokoa. Sasa yameisha, turudi kama zamani."

Asante! Angenitukana ingekuwa afadhali.

Nikamwambia, "Ulikuwa nyuma ya manyara."

Ule mwanga ukazimika usoni.

"Nilikuita kwa jina lako. Ulikuwa umevaa kilemba cha njano. Nilikuwa nimelaliwa na mume wangu sakafuni na wewe umesimama unasikiliza. Sema kwamba hukuwa wewe."

Akatazama matope miguuni mwake. Nikachukua ile sahani, nikaiweka nje kwenye maji yanayopita, taratibu, bila kuitupa. Samaki wakaanza kuelea kuelekea barabarani. Nikafunga mlango.

Novemba 18

Mvua. Mwalimu hali vizuri. Hajasema kitu.

Novemba 19

Mvua.

Novemba 21

Kampeni zimeanza. Keraryo amepita na kipaza sauti juu ya pikipiki. Kwangu alimsikia pale dukani akisema, "Mimi ndiye niliyeitatua kero ya mvua." Watu walicheka, lakini walipiga makofi.

Niliweka chini mchele niliokuwa nauchambua. Nilikwenda nyuma ya jiko nikautazama ule mti, umelala kwenye nyasi, mabomba yana matope. Nikayafuta kwa kanga yangu.

Novemba 24

Jumapili. Sikwenda misa. Nilisubiri misa iishe, watu waanze kurudi, nikaanza kuuinua.

Nilitaka waone. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, hakuna radi. Kwangu alishika shina, mimi nikasukuma katikati kwa mkono wangu mzima. Shimo lilikuwa limejaa maji na mti ulikuwa unateleza. Mara mbili ulitushinda ukarudi chini. Watu walikusanyika barabarani na miavuli na rozari zao. Mmoja akasema, "Jamani, huyu mama anataka tufe?" Nikamjibu kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mbele ya watu: "Njoo uuzuie! Njoo na panga lako, leo nipo nje!" Hakuja mtu. Hawakutusaidia wala hawakutuzuia, walisimama tu.

Mara ya tatu mti ulianza kuelemea upande wa jiko na nikajua tumeshindwa. Ndipo mikono mingine ikaushika, chini ya yangu. Nikatazama. Ghati.

"Nenda zako," nikasema.

"Utakuangukia."

"Uniangukie. Wewe si unaweza kutazama?"

Hakuachia. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni. "Nilisikia siku ile," akasema. "Miguu ilikataa. Niliogopa nikiingia kwako na mimi nitahesabiwa pamoja na wewe, mahindi yangu yatakauka. Nilisimama nikajiambia, hesabu mpaka kumi halafu uende. Nikahesabu. Sikwenda."

"Na sasa?"

"Sasa nimeona nyumba yako imekaa kimya siku kumi na mbili. Nikilala nasikia ule ukimya." Akafuta pua kwa bega. "Bado naamini kinafukuza mvua, Mama Prosper. Sitakudanganya. Mahindi yangu yapo hapa," akaonyesha chini ya kifundo cha mguu. "Naogopa hata sasa."

"Basi sukuma," nikamwambia. "Uogope huku unasukuma."

Tukasukuma. Kwangu akasindilia mawe. Nikaingia ndani, nikaunga waya, na sauti ya mwanamke anayesoma taarifa ikajaa chumba. Mwalimu akageuza uso kutoka ukutani.

Sijamsamehe. Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya.

Novemba 25

Mvua.

Novemba 26

Mvua hadi mchana. Kwangu anasema watu wamechanganyikiwa.

Novemba 27

Nimepiga kura. Keraryo ameshinda. Alinipa mkono kituoni mbele ya watu, nikamwachia unaning'inia.

Novemba 29

Jua tangu juzi. Minong'ono imeanza tena. Mtu amesema dukani kwamba antena sasa inafanya kazi polepole ili isijulikane. Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu nianze daftari hili, kicheko kibaya, cha hasira, lakini kicheko. Mwalimu akauliza, "Nini?" Neno jipya.

Desemba 1

Siku ya tano bila mvua. Anga ni jeupe kama sahani. Asubuhi niliona majani ya mahindi ya Ghati yameanza kujikunja.

Nilikuwa namvuta Mwalimu kwa shuka peke yangu, redioni kuna uchambuzi wa mechi ya jana. Mlango ukagongwa. Ghati alisimama kizingitini. Alitazama anga muda mrefu. Kisha akatazama juu, kwenye yale mabomba, akafanya ishara ya msalaba. Nilidhani ataondoka. Nilikuwa hata nimeshaandaa maneno ya kumsindikiza nayo.

Akavua kandambili. Akaingia, akapita mbele ya redio bila kuigusa, akainama akamshika Mwalimu miguu.

"Haya, shika mabega," akaniambia. "Moja, mbili."